Kutwa ya kata, hosteli, chumba cha kupanga au bweni: namna ya kulinganisha sekondari za serikali katika halmashauri ya vijijini

Mzazi wa kijijini ambaye mtoto wake amefaulu mtihani wa darasa la saba hapewi orodha ya sekondari za serikali ili achague anayoipenda. Ofisi ya Rais TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) ndiyo inayopanga. Wachache wenye alama za juu kabisa huenda shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora Wavulana, Tabora Wasichana, Kilakala na Msalato. Wengine wachache huenda shule za ufundi kama Ifunda, Tanga na Moshi, au shule za bweni za kawaida. Na walio wengi hupangiwa shule ya kutwa ya kata yao. Hata hivyo, uamuzi wa mzazi hauishii hapo. Anaweza kumwacha mtoto atembee kila siku kwenda na kurudi, kumwombea nafasi ya hosteli kama shule inayo, kumpangishia chumba karibu na shule, au kumtafutia uhamisho kwenda shule nyingine ya serikali ndani ya halmashauri ileile. Njia ya shule binafsi na seminari ipo pia kwa wenye uwezo, lakini makala haya yanahusu shule za serikali, kwa sababu ndizo zinazobeba watoto wengi wa vijijini na ndizo ambazo wazazi huzilinganisha kwa taarifa chache kuliko zinazopatikana.

Asilimia ya ufaulu na yale isiyoyasema

Kila Januari, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, mazungumzo ya vijijini hujikita katika namba moja tu: shule fulani imefaulisha kwa asilimia themanini na kitu, na ile ya jirani kwa asilimia tisini. Namba hiyo ni ya kweli, lakini peke yake haimsaidii mzazi kuchagua, na sababu yake inaonekana mara tu mtu anapokaa na kupiga hesabu ya pointi.

Mtahiniwa hupimwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Alama A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33, na sifuri ni 34 na 35. Sasa mchukue kijana aliyepata D mbili na F tano. D mbili zinampa pointi 8, F tano zinampa 25, jumla 33. Kijana huyo ana daraja la nne, na katika takwimu anahesabiwa amefaulu, ingawa ameanguka katika masomo matano kati ya saba. Mchukue mwingine aliyepata C tatu na D nne: pointi 9 na pointi 16, jumla 25, yaani daraja la tatu la mwisho kabisa. Huyu wa pili ndiye anayefikisha sifa ya chini ya kuchaguliwa kidato cha tano, maana sharti ni alama C au zaidi katika masomo matatu yasiyo ya dini na pointi zisizozidi 25. Katika asilimia ya ufaulu vijana hawa wawili wanahesabika sawa, lakini milango waliyofunguliwa ni tofauti kabisa. Wa kwanza hata vyuo vya kati vingi havimpokei katika ngazi ya cheti, kwa kuwa huko huhitajika ufaulu wa angalau masomo manne.

Pengo hili ni kubwa kitaifa pia. Katika matokeo ya mwaka 2023 ufaulu wa jumla ulikuwa takriban asilimia 89, ilhali waliopata daraja la kwanza hadi la tatu walikuwa karibu asilimia 37 tu. Kwa hiyo shule mbili za kata zinaweza kutofautiana kwa asilimia mbili katika ufaulu wa jumla huku moja ikiwa na wanafunzi wa kidato cha tano mara mbili ya mwenzake. Swali la kwanza la mzazi, basi, liwe hili: kati ya waliofanya mtihani, wangapi wamepata daraja la kwanza hadi la tatu?

Jibu lake liko kwenye tovuti ya Baraza, ambako kila shule ina ukurasa wake. Juu kuna jedwali dogo la madaraja, likigawa wasichana, wavulana na jumla. Kisha hufuata orodha ndefu ya namba za watahiniwa, jinsi zao, pointi, daraja na alama za kila somo. Chini kabisa kuna jedwali la masomo, ambalo wazazi wengi hawafiki, linaloonyesha kwa kila somo waliosajiliwa, waliofanya, waliofaulu na wastani wa pointi, ambapo wastani mdogo ndio mzuri. Angalia pia herufi inayotangulia namba ya kituo: S ni shule yenyewe, na P ni watahiniwa wa kujitegemea waliofanyia mtihani katika kituo hicho. Nimesikia shule ikilaumiwa kwa sifuri ambazo hazikuwa zake, kwa sababu tu mtu alifungua ukurasa wa P.

Walioanza na waliofika

Jambo ambalo jedwali la kidato cha nne haliwezi kulionyesha ni wale ambao hawapo ndani yake. Katika shule za vijijini hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote, na kwa maoni yangu ndilo linalopaswa kuongoza ulinganisho wowote. Mwanafunzi aliyeacha shule akiwa kidato cha tatu hashushi asilimia ya ufaulu wa shule yake. Badala yake huenda akaipandisha, kwa kuwa mara nyingi wanaoacha ni wale waliokuwa wakisuasua.

Njia ya kuliona ipo, na haihitaji zaidi ya simu yenye intaneti na kalamu. Baraza hutoa pia matokeo ya upimaji wa kidato cha pili kwa kila shule. Kundi lililofanya upimaji mwaka 2022 ndilo lililofanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024. Chukua idadi ya waliofanya upimaji, iweke kando ya idadi ya waliofanya mtihani wa mwisho miaka miwili baadaye, ndipo uangalie ufaulu.

Tuchukue shule mbili kwa takwimu za mfano, ambazo nimezitunga kwa ajili ya hesabu tu. Shule ya kwanza ilikuwa na wanafunzi 96 katika upimaji wa kidato cha pili. Miaka miwili baadaye waliofanya mtihani ni 58, waliofaulu ni 50, na waliopata daraja la kwanza hadi la tatu ni 14. Shule ya pili ilianza na 90, wakafika 81, wakafaulu 67, na 24 wakapata daraja la kwanza hadi la tatu. Kwa hesabu ya kawaida shule ya kwanza ina ufaulu wa asilimia 86 na ya pili asilimia 83, hivyo ya kwanza ndiyo itakayosifiwa katika kikao cha wadau wa elimu. Lakini mzazi hampeleki mtoto kidato cha nne. Anampeleka kidato cha kwanza. Kwa kila wanafunzi mia waliokuwa kidato cha pili, shule ya kwanza imewafikisha 52 kwenye ufaulu na 15 kwenye daraja la kwanza hadi la tatu. Ya pili imewafikisha 74 na 27. Hakuna mzazi ambaye angeziona namba hizo kando kwa kando akaichagua ya kwanza.

Hesabu hii ina mipaka yake. Anayeshindwa upimaji wa kidato cha pili hukariri darasa, na wapo wanaohama kwa sababu njema, hivyo upungufu wa wanafunzi watano au kumi si ushahidi wa kitu chochote. Upungufu wa theluthi nzima ya darasa, unaojirudia mwaka hadi mwaka, ni jambo la kumuuliza mkuu wa shule ana kwa ana.

Kuna tahadhari nyingine inayohusu udogo wa shule. Shule nyingi za kata za pembezoni huwa na watahiniwa wachache, wakati mwingine thelathini au pungufu. Katika shule ya watahiniwa 30, kila kijana mmoja ni zaidi ya asilimia tatu, na wanafunzi wanne wazuri waliotokea kuwa darasa moja wanaweza kuifanya shule ionekane imepaa, kisha mwaka unaofuata ionekane imeporomoka, bila mwalimu yeyote kubadilisha ufundishaji wake. Baraza lenyewe lilipokuwa likipanga shule kwa nafasi, lilitenga zenye watahiniwa 40 na zaidi na zile zilizo chini ya hapo, na tangu Januari 2023 limeacha kabisa kutangaza shule bora. Kwa shule ndogo, jumlisha miaka mitatu ya karibuni kabla ya kusema lolote. Usirudi nyuma sana, kwa kuwa vigezo vimewahi kubadilishwa: matokeo ya mwaka 2012 yalipangwa upya baada ya zaidi ya nusu ya watahiniwa kupata sifuri, na mwaka 2014 madaraja yaliondolewa kwa muda na kuwekwa mfumo wa wastani wa alama, hivyo namba za miaka ile hazisomeki sambamba na za sasa.

Kutwa ya kata: umbali ndio unaoamua

Shule za kata zilienea kwa kasi chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004. Sekondari za serikali, zilizokuwa chini ya elfu moja, zilizidi elfu tatu kufikia mwaka 2010, nyingi zikijengwa kwa nguvu za wananchi. Zilidharauliwa sana mwanzoni, na dharau hiyo bado inawafanya wazazi wengine wamtoe mtoto shule ya kata bila kuitazama. Mimi naamini kwamba shule ya kata iliyo karibu na nyumbani, yenye mkuu wa shule anayekaa kituoni na walimu wa masomo ya msingi, ni chaguo jema kuliko shule yenye jina iliyoko mbali ambako mtoto atakaa bila mtu mzima. Mtoto wa kutwa analala kwao, anakula kwao, na mzazi anaona daftari lake. Ada, iliyokuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa kutwa na 70,000 kwa bweni, iliondolewa Januari 2016, hivyo gharama inayobaki ni sare, madaftari na mchango wa chakula cha mchana.

Yote hayo yanategemea umbali. Ramani ya kata haionyeshi mto unaojaa wakati wa masika, wala pori ambalo msichana hulipita alfajiri kabla hakujapambazuka. Mzazi anayetaka kujua kweli na aitembee njia hiyo mwenyewe, kwa mwendo wa mtoto mwenye mkoba, wakati uleule ambao mtoto ataitembea. Ikiwa ni chini ya saa moja kwa mguu, kutwa inafaa. Ikiwa ni saa mbili kwenda na mbili kurudi, mtoto anafika akiwa amechoka, anarudi jioni anakuta maji hayajachotwa, na kitabu hafungui. Baiskeli husaidia wavulana na, pale ambapo wazazi wamezoea, husaidia wasichana pia.

Chakula cha mchana ni kipimo cha pili, na ni rahisi kukikagua. Fika shuleni saa saba mchana bila taarifa. Ukikuta moshi jikoni, wanafunzi wamepanga foleni na sahani zao, makande yanapakuliwa, na daftari la mahindi na maharage ya kila mzazi liko kwa mwalimu anayehusika, umeona shule ambayo wazazi na walimu wanaelewana. Ukikuta wanafunzi wametawanyika vijijini kutafuta mihogo na hawarudi kwa kipindi cha alasiri, umeona pia sababu ya vipindi vya mchana kufundishwa kwa madawati matupu.

Kipimo cha tatu ni mwenendo wa shule katika msimu wa kazi. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Katika Mtwara na Lindi huo ndio wakati wa kuokota korosho, na maeneo mengine Novemba ni wakati wa kuandaa mashamba. Shule nyingine za kutwa huwaweka watahiniwa katika kambi ya masomo wiki kadhaa kabla ya mtihani ili wasome usiku na wasiitwe shambani. Uliza kama kambi hiyo hufanyika kila mwaka, nani anawasimamia wasichana usiku, na wanalala wapi.

Hosteli: nzuri ikiwa inasimamiwa

Kwa mtoto anayetoka mbali, shule ya kata yenye hosteli ndiyo njia ninayoipendekeza kabla ya nyingine zote ambazo mzazi wa kipato cha kawaida anaweza kuzifikia. Hosteli inaondoa mwendo wa kila siku na inampa mwanafunzi saa mbili au tatu za kujisomea usiku chini ya taa, na saa hizo, zikijumlishwa kwa miaka minne, ni nyingi kuliko tofauti yoyote ya majengo kati ya shule moja na nyingine.

Inafaa mzazi aelewe kwamba hosteli ya shule ya kata si sawa na bweni la serikali. Wanafunzi wa bweni chakula chao hugharimiwa na serikali. Hosteli huendeshwa kwa michango ya wazazi, ambayo kwa kawaida ni mahindi, maharage, fedha ya mboga na ya mpishi, pamoja na godoro, shuka, ndoo na sanduku la kufungia vitu. Mzazi mmoja asipoleta debe lake, wenzake wanalilipia, na hosteli nyingi zimefungwa katikati ya muhula kwa sababu hiyo tu. Kwa hiyo kabla ya kuomba nafasi, muulize mweka hazina wa kamati ya wazazi muhula uliopita ulifungwa na akiba kiasi gani.

Halafu ingia ndani. Hili nalisema kwa uzito wote, kwa kuwa wazazi wengi huishia ofisini kwa mkuu wa shule, wakasaini fomu na kuondoka. Hosteli nyingine ni madarasa yaliyogeuzwa, yana mlango mmoja, na madirisha yake yana nondo. Tazama kama kuna mlango wa pili unaofunguka kutokea ndani, na uliza ufunguo hushikwa na nani usiku, kwa sababu moto ukitokea, mlango uliofungwa kwa nje unaua. Tazama umbali wa vyoo, kama kuna uzio, kama taa ni za sola au za umeme na wala si vibatari, kama maji yako kwenye eneo la shule au wasichana hutumwa mtoni jioni. Uliza matroni anaitwa nani na analala wapi. Matroni anayelala mtaa wa pili hajui kinachotokea saa nane za usiku.

Chumba cha kupanga

Njia hii nitaipitia haraka, maana sioni la kuitetea. Mzazi aliye mbali, ambaye shule haina hosteli, humpangishia mtoto chumba katika senta iliyo karibu na shule. Watoto wawili au watatu hushirikiana chumba, hupika wenyewe, na mzazi hupeleka unga mwisho wa mwezi. Watoto wa miaka kumi na minne wanabaki bila mtu mzima yeyote wa kuwauliza wamelala wapi. Utoro huanzia hapo, na mimba nyingi zinazokatisha masomo ya wasichana zina historia ya vyumba hivi. Ni kweli kwamba tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito kurudi katika shule za serikali, na ni jambo kubwa ambalo kila mzazi anapaswa kulijua na kulidai. Lakini kurudi na mtoto mchanga nyumbani ni kazi ngumu kuliko kutoondoka.

Ikiwa hakuna namna nyingine, afadhali mtoto akae kwa ndugu, au kwa familia inayojulikana na wazazi wa kijijini, hata kama ni mbali kidogo kuliko chumba.

Bweni la serikali: sifa ni za nani?

Shule za bweni za serikali, hasa zile kongwe na za vipaji maalumu, zina matokeo yanayoziacha mbali shule za kata, na mtoto aliyepangiwa huko aende. Zina maabara zilizokamilika zaidi, walimu wengi zaidi, na wanafunzi wenzake watamvuta. Ila katika kulinganisha, mzazi akumbuke kwamba shule hizo hupokea watoto waliochaguliwa kwa alama za juu kutoka nchi nzima, wakati shule ya kata hupokea kila aliyefaulu katika kata yake, akiwemo yule ambaye alifundishwa kwa Kiswahili miaka saba na sasa anakutana na Baiolojia kwa Kiingereza kwa mara ya kwanza. Kupima walimu wa shule hizi mbili kwa jedwali moja ni kuwaonea wale wa kata.

Kipimo cha haki zaidi ni kulifuata kundi moja: lilipata madaraja gani kidato cha pili, na likapata gani kidato cha nne? Shule ya kata ambayo kundi lake lilikuwa na madaraja ya juu kumi kidato cha pili na likafika na kumi na tano kidato cha nne imefanya kazi kubwa. Shule ya bweni ambayo kundi lake lilianza juu na likashuka ina jambo la kueleza. Mitihani hiyo miwili si sawa kwa uzito, lakini ukizilinganisha shule zote kwa njia hiyohiyo, tofauti zitajitokeza.

Kwa wasichana wanaopenda sayansi, zipo sasa shule za bweni za wasichana za mikoa zilizojengwa chini ya SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, mradi uleule uliojenga pia sekondari mpya katika kata zilizokuwa hazina. Shule mpya ya kata ina faida kubwa ya kufupisha safari, lakini kwa miaka minne ya mwanzo haina matokeo ya kidato cha nne. Hapo mzazi hana budi kutumia upimaji wa kidato cha pili, idadi ya walimu walioripoti na kubaki, na macho yake mwenyewe.

Walimu wa masomo ambayo mtoto wako anayahitaji

Hapa ndipo jedwali la chini kabisa la ukurasa wa matokeo linapofaa. Hisabati ni jeraha la taifa zima; mwaka 2022 aliyefaulu alikuwa takriban mtahiniwa mmoja kati ya watano. Kwa hiyo shule ya vijijini ambayo theluthi ya watahiniwa wake wamefaulu Hisabati ina mwalimu wa kweli, na mwalimu huyo anastahili kutafutwa. Fizikia na Kemia zitazame kwa namna tofauti: angalia kwanza waliofanya ni wangapi. Shule yenye watahiniwa 70 ambayo waliofanya Fizikia ni sita inakuambia kwamba somo hilo limeachwa na karibu wote, mara nyingi kwa sababu halikuwa na mwalimu kwa mihula mingi, na ufaulu wa hao sita hauna maana kwa mtoto anayetaka kuwa tabibu.

Katika shule ndogo mwalimu mmoja ni idara nzima. Akihamishwa, somo limefungwa. Kwa hiyo usiulize tu kama shule ina mwalimu wa Kemia. Uliza amekaa hapo miaka mingapi, kama ni mwajiriwa au ni wa kujitolea anayelipwa kwa michango, na kama ana nyumba ya kuishi karibu na shule. Nyumba ya mwalimu iliyokamilika katika kijiji cha mbali ni dalili nzuri ya matokeo ya miaka ijayo, pengine kuliko matokeo ya mwaka jana. Uliza pia maabara: jengo lipo katika shule nyingi, lakini lina gesi, maji na kemikali, au limekuwa stoo ya madawati mabovu? Mwombe mwanafunzi wa kidato cha tatu akuonyeshe daftari lake la mazoezi ya vitendo. Daftari lenye tarehe na sahihi za mwalimu halidanganyi.

Vivyo hivyo kwa mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, ulioanza kidato cha kwanza mwaka 2024 katika baadhi ya shule kwa mtaala mpya. Pale penye karakana, vifaa na mwalimu wa fani, mkondo huo unamfaa kijana anayependa kazi za mikono, na hautakiwi kuonwa kuwa wa walioshindwa. Pale ambapo vifaa bado, subiri uvione.

Wakati wa kuhamisha

Uhamisho ndani ya halmashauri hupitia kwa wakuu wa shule zote mbili na ofisi ya elimu sekondari, na huanza kwa mzazi kupata uthibitisho kwamba shule anayoitaka ina nafasi. Kidato cha kwanza ni wakati mzuri ikiwa tatizo ni umbali, maana mtoto anayechoka miezi sita ya mwanzo huzoea kushindwa. Ikiwa umbali si tatizo, mwache kidato cha kwanza na cha pili shule ya kata, fuatilia daftari na mahudhurio yake, kisha amua Januari ya kidato cha tatu. Wakati huo unayo matokeo yake ya upimaji, unajua kama anaelekea sayansi au sanaa, na kidato cha tatu ndicho ambacho kwa kawaida wanafunzi hugawanyika kwa michepuo. Shule yenye mwalimu mzuri wa Historia na Kiswahili, inayomfaa mwanafunzi wa sanaa, huenda isimfae kabisa ndugu yake wa sayansi, hata kama wote wawili wanalala nyumba moja.

Kidato cha nne usimhamishe. Watahiniwa husajiliwa mapema katika mwaka wa mtihani, kumbukumbu za maendeleo yake ziko shule aliyokuwa, na walimu wapya hawatamjua kabla ya Novemba. Kama shule yake haina mwalimu wa Hisabati mwaka huo, ni afadhali wazazi wa darasa hilo wakae na bodi ya shule mwezi Januari, wakubaliane kumlipa mwalimu wa kujitolea hadi mtihani uishe, kuliko kila mmoja kumtoa mtoto wake kwa wakati wake.